Moldi ya silikoni kwa joto la Dar es Salaam: kuichanganya, kuigandisha na kuikomaza isirudi kuwa uji

Moldi nyingi za silikoni, yaani kalibu laini za kumiminia nakala, zinazoharibika mapema hazikuharibiwa siku ya kumimina. Zimeharibiwa na kilichobaki ndani: spiriti iliyozaliwa wakati wa kuganda, unyevu, na kichocheo kilichozidi. Ndiyo maana mwongozo huu unatumia muda mrefu zaidi kwenye hatua za baada ya kutoa moldi kwenye sanduku, ambazo wengi huziruka kwa haraka ya kuanza kazi.

Mfano tutakaoutumia ni kinyago bapa cha mpingo, saizi ya kiganja, cha aina wanayouza soko la vinyago la Mwenge. Hesabu unaweza kuzibadilisha ziendane na umbo lolote.

Aina ya silikoni

Zipo mbili zinazohusika, kila moja ikiitwa kwa metali iliyomo kwenye kichocheo chake. Ya platinamu haitoi kitu inapoganda, husinyaa chini ya asilimia 0.1 na hudumu sana, lakini ni dhaifu mbele ya sumu zake: salfa iliyomo kwenye baadhi ya plastisini, glavu za latexi, gundi za epoksi, na mabaki ya silikoni ya bati. Ikigusana na vitu hivyo haigandi, inabaki inanata milele. Ya bati huvumilia karibu kila kitu, mbao na plastisini zikiwemo, ila inasinyaa kati ya asilimia 0.3 na 1, na uhai wake ni mfupi. Kwa mpingo wenye mafuta yake ya asili, tena mara nyingi umeng'arishwa kwa nta au rangi ya viatu, tunachagua ya bati. Haifai kwa chakula, hata ikishakauka vizuri.

Ukiwa na zote mbili karakana moja, tenga ndoo, mwiko na brashi za kila aina. Alama ndogo ya bati kwenye mwiko inatosha kuharibu mchanganyiko wa platinamu.

Hatua ya 1: Pima malighafi kabla ya kuziamini

Polima inayotakiwa, yaani kimiminika kizito kinachogeuka mpira, ni polidimethilisiloksani yenye ncha za silanoli (ncha zinazoshikana wakati wa kuganda). Kwa macho na kwa mkono haina tofauti na mafuta ya kawaida ya silikoni yenye ncha za methili, na mafuta hayo hayagandi hata ukiyasubiri mwezi. Bidhaa ikishahamishwa kutoka pipa kwenda kwenye madumu madogo, lebo haina maana. Chukua gramu 20, weka matone machache ya mchanganyiko B, yaani kigandishi (upo hatua ya 3), koroga. Ikiwa ni polima ya kweli itaanza kuwa mpira ndani ya saa chache.

Kipimo cha pili ni cha mabaki ya kiwandani. Polima hii hutengenezwa kwa kufungua pete ndogo za siloksani na kuziunganisha kuwa mnyororo mrefu, mara nyingi kwa potashi kali kama kichocheo. Mwishoni hubaki pete ambazo hazikufunguka, takriban asilimia 12 hadi 15, ambazo kiwanda lazima kizivukize. Potashi nayo lazima izimwe kwa asidi; isipozimwa, polima ikipashwa moto inaanza kujikata yenyewe na kurudi kuwa pete. Weka gramu 20 kwenye sahani ya bati ndani ya oveni ya karakana, nyuzi 150 kwa saa 3, kisha pima tena. Ikipungua chini ya gramu 0.4, endelea. Ikizidi hapo, moldi yako itasinyaa kuliko ulivyotarajia. Polima hiyo irudishe dukani.

Hatua ya 2: Mchanganyiko A

Huu ndio msingi wa moldi. Kwa sehemu 100 za polima kwa uzito (mnato wa kati, inayotiririka kama asali nyepesi):

- mafuta ya silikoni ya methili, 10
- silika ya moshi (fumed silica, unga mwepesi sana) iliyotibiwa, 8
- kalsiamu kabonati laini, 25
- oksidi nyekundu ya chuma, 2

Silika ya moshi ndiyo inayobeba nguvu. Silikoni tupu isiyo na silika inachanika kama jeli. Ikiwekwa silika vizuri nguvu yake huongezeka mara kumi na zaidi. Lakini nunua iliyotibiwa, ile inayoelea juu ya maji bila kulowa. Isiyotibiwa ina vikundi vya silanoli usoni vinavyoshikana na polima, na A uliyoiacha kwenye ndoo inageuka donge kama la chapati ndani ya wiki chache. Ukikuta hali hiyo, kuisukuma tena kwa mashine hulegeza donge kwa muda, kisha linarudi.

Anza kwa kusaga oksidi pamoja na sehemu ya mafuta mpaka uji mwekundu usio na punje. Ile redi oksaidi ya kutia sakafu rangi mara nyingi imechanganywa na unga mwingine, hivyo tafuta iliyo safi. Mimina polima na mafuta yaliyobaki, washa drili ya kukorogea kwa mwendo wa chini, kisha nyunyiza silika kidogo kidogo. Vaa barakoa: unga wake unaelea hewani kwa muda mrefu. Ikiisha yote, iache ndoo imefunikwa usiku kucha ili silika ilowe. Kesho yake ongeza kabonati.

Kabonati usiikaushe kupita kiasi. Silikoni ya bati inahitaji unyevu kidogo ili igande, na katikati ya moldi nene unyevu huo hutoka ndani ya kabonati yenyewe, kwa kuwa wa hewani haufiki kwa urahisi. Kwa silikoni ya platinamu kanuni ni kinyume kabisa: unyevu huko huzalisha gesi ya haidrojeni na moldi inajaa vitundu.

Hatua ya 3: Mchanganyiko B

Tetraethili silikati (kiunganishi cha minyororo) sehemu 10, dibutili-tini dilaureti (kichocheo cha bati) sehemu 1. Hifadhi kwenye chupa ya glasi iliyozibwa barabara. Ikiwa na ukungu au mashapo, unyevu umeingia, tupa. Glavu ziwe za nitrili, miwani ivaliwe, madirisha yawe wazi. Misombo hii ya bati hudhuru uzazi, na silikati inaunguza macho, kwa hiyo mjamzito asiishike kabisa.

Hatua ya 4: Kinyago na sanduku

Safisha kinyago kwa brashi kavu. Paka vanishi ya shelaki mikono miwili myembamba, iache ikauke. Bila hiyo mafuta ya silikoni yatapenya kwenye mbao na kuacha doa jeusi lisilotoka. Kisha mafuta mgando, kiasi cha kung'aa tu. Yakikaa kwenye mikunjo ya uso, moldi itanakili mafuta badala ya nakshi.

Sanduku la bodi laini, pengo la sentimita 1 kila upande, viungo vyote vizibwe kwa gundi ya moto. Silikoni hupita hata kwenye upenyo ambao maji hayapiti haraka.

Ili kujua kiasi, weka kinyago ndani, mwaga mchele mpaka usawa unaotaka, kisha upime mchele huo kwa jagi. Tuseme sanduku ni sentimita 10 × 12 × 5, na mchele ni mililita 420. Mchanganyiko wetu una uzito wa gramu 1.15 hivi kwa mililita, kwa hiyo gramu 483. Ongeza asilimia 10 ya kinachobaki kwenye ndoo: gramu 531. Hapo unahitaji A gramu 520 na B gramu 11.8. Kwa ufupi, gramu 2.3 za B kwa kila gramu 100 za A.

B ipimwe kwa mizani ya sonara. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haifai hapa.

Hatua ya 5: Kuchanganya na kumimina

Joto la Dar linakula muda wako. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 zinapoongezeka, muda wa kufanya kazi hupungua nusu. Bidhaa iliyoandikwa dakika 30 kwa nyuzi 23 inakupa kama dakika 15 mchana wa Februari. Mimina alfajiri, au weka ndoo ya A kwenye friji kwa muda wa saa 2. Ukiitoa, usifungue kifuniko mpaka ukungu wa nje ukauke, la sivyo maji yataingia ndani. Chumba cha AC hupunguza joto na pia hukausha hewa, hivyo tarajia kuganda kwa taratibu zaidi.

Usiongeze B ili kuharakisha. Moldi itaganda haraka kweli, lakini itakuwa ngumu na ya kuvunjika, itasinyaa zaidi, na bati lililozidi litabaki ndani likisubiri joto.

Koroga dakika 3 ukikwangua kuta na kitako, hamishia ndoo ya pili, koroga dakika 1. Rangi nyekundu inasaidia kuona A ikichanganyika, ila kwa B haikuonyeshi chochote, kwa hiyo fuata saa.

Kuondoa hewa, pampu ya vakyumu wanayotumia mafundi wa AC inatosha. Ndoo iwe kubwa mara 4 au 5 ya mchanganyiko, maana utafura, utapanda, kisha utaanguka ghafla. Ukishaanguka, subiri dakika 2 na uzime. Kifuniko cha akriliki cha chombo cha vakyumu kisipungue unene wa milimita 20. Kioo cha dirisha usithubutu, kinaweza kupasuka na kurusha vipande. Huna pampu? Paka kwanza tabaka jembamba kwa brashi usoni mwa kinyago, kisha mimina uzi mwembamba kutoka juu kama sentimita 30, kwenye kona moja tu, silikoni ipande yenyewe.

Hatua ya 6: Kukomaza

Baada ya saa 24 toa moldi. Inaonekana imekamilika. Haijakamilika.

Silikati gramu 10.7 uliyoweka inaweza kutoa spiriti kama gramu 9, na sehemu kubwa bado imo ndani. Ukimimina rezini ya poliyurethani sasa, spiriti hiyo itashambuliana nayo na utapata uso wenye vitundu na unaonata. Ukiipasha moto ikiwa imefungwa, ni vibaya zaidi: unyevu, spiriti na bati kwa pamoja hukata mnyororo wa silikoni na oksijeni, na katikati ya moldi inarudi kuwa uji.

Iweke juu ya waya, hewa ipite pande zote. Pima uzito kila asubuhi na uandike. Utaona gramu kadhaa zikipotea siku za mwanzo, kisha kasi inapungua. Tofauti ya siku mbili mfululizo ikishuka chini ya gramu 0.5, imetosha. Kwa unene wa sentimita 1 ni siku 3 hivi. Kwa sentimita 3, wiki au zaidi.

Kwa moldi ya kumiminia jasi au saruji, ishia hapo. Kwa rezini inayopata joto, au bati la kuyeyusha (nyuzi 232), endelea na oveni: nyuzi 70 kwa saa 4, 100 kwa saa 2, 150 kwa saa 2, mlango ukiwa na mwanya. Usiruke siku za hewa ukaenda moja kwa moja kwenye oveni. Katika oveni ya lita 40, gramu 3 tu za mvuke wa spiriti zinatosha kushika moto.

Kusoma moldi iliyoharibika

Silikoni hufa kwa njia mbili, na dawa zake ni tofauti. Ikiwa imekuwa ngumu, inapasuka ukiikunja, ni oksijeni: joto limechoma vikundi vya methili na minyororo imefungana mno. Hapo ndipo oksidi ya chuma inaposaidia, kwa kuzima mnyororo wa kuungua. Kwa kazi ya bati la kuyeyusha unaweza kuipandisha hadi sehemu 3. Ikiwa imekuwa laini na inanata, hasa katikati, ni kukatwa kwa mnyororo, na oksidi haitakuokoa. Punguza B, ongeza siku za hewa.

Kitako kinachonata huku juu pamekauka ni ndoo isiyokwanguliwa, au hewa kavu mno. Nakshi zilizopotea ni mafuta mgando mengi.

Kati ya kazi na kazi, jaza moldi na nakala ya jasi iliyokauka, ilaze bapa, mbali na jua la dirishani.