Ostia Antica kwa nusu siku: magofu ya Kirumi kwa nauli ya mjini

Shangazi alisimama katikati ya barabara ya mawe meusi, akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akanigeukia. "Mwanangu, umenitoa Pangani kote huko uje unionyeshe matofali?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa Juni, jua limeshaanza kuuma, na mbele yetu kuta za matofali mekundu zimetandaa kadiri macho yanavyofika. Basi tukakaa kwenye kivuli cha msonobari tumsubiri mwongozaji tuliyekuwa tumemkodi, maana alikuwa ametuma ujumbe kwamba amekosa treni. Alipofika, kwa muda wa masaa matatu yale matofali yakageuka kuwa mji, na mwisho wake mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza Shangazi tuondoke.

Kwa hiyo ninyi mnaopita Roma siku mbili tatu, iwe kwa hija, harusi au likizo, ushauri wangu ni huu: Koloseo mkaione kwa nje mpige picha, kisha nusu siku mpeni Ostia Antica, mji wa bandari wa Warumi uliokuwa kwenye mdomo wa mto Tiber. Ila msiende bila mtu wa kuwasimulia. Aliyewahi kutembea Gede au Kilwa Kisiwani anajua ninachosema. Bila msimuliaji, gofu ni ukuta uliokosa paa.

Makaratasi

Anayeishi kihalali katika nchi ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hahitaji viza nyingine kwenda Italia kutembea. Kibali chake cha ukaazi pamoja na pasipoti vinamtosha, hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Beba vyenyewe, si picha zake kwenye simu. Walioko Uingereza mjihadhari: kibali chenu cha kuishi huko hakifungui mlango wa Schengen, na mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo lazima aombe viza. Anaiombea hukohuko anakoishi, na walioko Muscat au Dubai ni vivyo hivyo. Mgeni uliyemwalika kutoka nyumbani, kama Shangazi wangu aliyekuja na viza iliyotolewa na Ujerumani, anaweza kuvuka nayo kuingia Italia, mradi siku zake hazijaisha na nchi iliyompa viza iwe ndiyo anayokaa siku nyingi zaidi.

Kufika

Watu wengi wanalipia basi la watalii kwa safari ambayo treni ya mjini inaimaliza kwa nusu saa. Panda metro ya mstari B, ushuke Piramide. Jina hilo si la bure. Ukitoka nje utaona piramidi ya kweli, nyeupe, yenye urefu wa mita 36 hivi, kaburi la Mrumi aliyeitwa Cestius, aliyezikwa wakati ambapo mambo ya Misri yalikuwa fasheni mjini Roma. Shangazi alidhani ni la juzi, limejengwa kuvutia watalii.

Hapohapo pembeni kuna kituo cha Porta San Paolo, ambako treni ya kwenda pwani inaanzia. Siku hizi njia hiyo inaitwa Metromare, ingawa wenyeji wengi bado wanaiita Roma–Lido. Tiketi ni ileile ya kawaida ya dakika 100 unayotumia kwenye metro, na sisi tulilipa yuro 1.50 kwa kichwa. Usiitupe ukishapita getini, kwa sababu wakaguzi huingia njiani na faini haina maongezi. Shuka kituo cha Ostia Antica, panda daraja la waenda kwa miguu linalopita juu ya barabara kuu, nyoosha mbele, na kwa dakika kumi hivi uko getini.

Mambo mawili yanaweza kukuharibia siku. La kwanza ni Jumatatu, kwa maana magofu yanafungwa. La pili ni neno *sciopero*, yaani mgomo. Waitalia hutangaza migomo ya usafiri mapema, na mara nyingi huangukia Ijumaa, kwa hiyo chungulia habari za usafiri siku mbili kabla. Wenye watoto wachangamke: walio chini ya miaka 18 hawalipi kiingilio, awe na pasipoti ya nchi yoyote. Jumapili ya kwanza ya mwezi hakuna anayelipa, lakini siku hiyo na Waroma wenyewe wanakuja, na vitoto vyao.

Kumpata mwongozaji

Mara yangu ya kwanza, miaka kadhaa nyuma, nilinunua mtandaoni safari ya bei nafuu kutoka kwa kampuni moja nisiyoitaja. Tulikuwa watu karibu arobaini tumevishwa visikilizio, tunamfuata mtu aliyenyanyua mwavuli, na kila kituo dakika mbili. Nilirudi nikiwa najua rangi ya mwavuli tu.

Nimejifunza kuuliza kabla ya kulipa. Kundi lenu ni watu wangapi? Kiingilio kimo ndani ya bei au nalipa tena getini? Mwongozaji ana leseni? Italia kazi hiyo ina leseni yake, *guida turistica abilitata*, na mwenye nayo hutembea na kitambulisho. Mkiwa familia ya watu wanne watano, kumkodi mtu wenu peke yenu hakupishani sana na kulipia kila mmoja kwenye kundi, na mtatembea kwa mwendo wa mzee wenu, si wa mwavuli. Kiswahili msitegemee. Sisi tulichukua mama mmoja anayezungumza Kiingereza, mimi nikawa mkalimani, na nikagundua kwamba ukitafsiri mwenyewe hukosi hata neno.

Jambo lililotufaa zaidi lilikuwa kumwandikia mapema kwamba tunataka habari za Afrika na za watu wa kawaida, mahekalu tutayapitia haraka. Alijibu kwamba kwa Ostia hilo ni rahisi.

Mnachokwenda kuona

Barabara kuu inaitwa Decumanus Maximus, na inazidi kilomita moja. Mawe yake yamelika na kuinuka, kwa hiyo viatu vya wazi na visigino viacheni hotelini. Wenye magoti mabovu wafuate njia za udongo za pembeni. Kofia ni lazima, chupa ya maji ni lazima, na kwa kuwa kuna bomba za kujazia huna haja ya kununua maji kila saa. Dawa ya mbu nayo haidhuru. Bonde hili lilikuwa na malaria kwa karne nyingi, ugonjwa ukaisha, mbu wakabaki.

Mabafu ya Neptuni mtayaona kwa juu, kwenye kijukwaa, sakafu nzima ikiwa picha ya vijiwe vyeusi na vyeupe: mungu wa bahari anaendesha farasi wenye mikia ya samaki. Aliyefika kwenye mabafu ya kale ya Hamamni, Unguja, ataelewa haraka mambo ya sakafu iliyopashwa moto kwa chini, maana wazo ni lilelile. Ukumbi wa maonyesho pia mtaona. Ni mzuri, pigeni picha, pandeni ngazi za juu, kisha teremkeni nyuma yake, kwa sababu huko ndiko kuna mambo.

Nyuma ya ukumbi kuna uwanja wa mraba wenye safu za vyumba vidogo, sitini hivi, na mbele ya vyumba hivyo sakafu imeandikwa kwa vijiwe. Mwongozaji alieleza kwamba huenda zilikuwa ofisi za mawakala wa meli na wafanyabiashara. Fikiria zile ofisi za mawakala wa forodha karibu na bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, kila moja na kibao chake nje. Hapa kibao kiko chini miguuni. Wenye meli wa Karthago, ambayo leo iko Tunisia. Wa Cagliari, kisiwani Sardinia. Wa Narbonne, Ufaransa ya leo. Kuna mnara wa taa, pomboo, na vipimo vya nafaka, maana Roma ilikula ngano ya Afrika Kaskazini na ya Misri, na meli ikichelewa mjini kulikuwa na ghasia.

Halafu, kwenye kibao kimoja, tembo. Tembo mzima, peke yake, na juu yake maandishi ya watu wa Sabratha, bandari iliyoko pwani ya Libya ya leo.

Shangazi alichuchumaa. "Huyu wetu."

Nikatafsiri. Mama yule akacheka, akasema huyu si wenu, ni wa Sabratha, labda kwa sababu ya biashara ya pembe. Ila wenu pia wamo kwenye habari hii. Akatusimulia kwamba katika karne ya kwanza baada ya Kristo, baharia au mfanyabiashara mmoja kutoka Misri aliandika kwa Kigiriki maelezo ya bandari zote kuanzia Bahari ya Shamu kwenda kusini. Soko la mwisho katika orodha yake ya pwani ya Afrika Mashariki linaitwa Rhapta. Huko, anasema, pembe za ndovu ni nyingi, na kuna pembe za kifaru na magamba ya kasa. Na jina la Rhapta, anaeleza, linatokana na mashua zao za kushonwa.

"Mtepe," nikasema. Shangazi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia jina la jirani.

Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu wanabishana. Wengine wanasema delta ya Rufiji, wengine Pangani. Mnaweza kukisia Shangazi yuko upande gani. Bidhaa za huko zilipanda Bahari ya Shamu, zikavuka Misri hadi Aleksandria, kisha zikapakiwa kwa meli za kuja Italia. Meli kubwa zilitia nanga karibu na hapa, kwenye bandari ambayo Kaisari Klaudio alianza kuijenga mwaka 42. Bahari yenyewe msiitafute kwa macho. Mto umejaza mchanga na pwani imesogea kilomita tatu hivi.

Baada ya hapo ni vitu vidogo vidogo, na kwangu ndivyo vitamu. Kuna mkahawa wenye kaunta ya marumaru, na ukutani wamechora chakula, kama vile vibanda vyetu vilivyochorwa kuku na chapati kwa asiyetaka kuuliza kuna nini leo. Kuna majengo ya ghorofa ya kupangisha, duka chini, wapangaji juu, ngazi nyembamba. Kuna dobi, na dobi wa Kirumi alifulia mkojo uliochacha, habari ambayo niliitafsiri kwa aibu. Kuna choo cha umma, matundu yamepangwa kwenye benchi la mawe bila hata kizuizi kati ya mtu na mtu. Shangazi alitaka kujua walikuwa wanaongea nini. Kama nguvu zinaruhusu, fikeni hadi mwisho kabisa wa mji kwenye sinagogi, lililofukuliwa mwaka 1961 wakati wa kujenga barabara ya kwenda uwanja wa ndege wa Fiumicino. Sisi tuliishia njiani.

Kabla ya treni ya kurudi

Mkitoka getini msikimbilie kituoni. Mkabala na magofu kuna kijiji kidogo chenye ngome ya karne ya 15, na ndani yake kanisa la Mtakatifu Aurea. Mwaka 1945 wavulana wawili waliokuwa wanachimba shimo la mlingoti karibu na kanisa hilo walikuta kipande cha jiwe la kaburi lenye maandishi ya Kilatini. Lilikuwa jiwe la Monika, mama yake Augustino, yule mtakatifu na mwandishi mkubwa wa Kanisa.

Monika alikuwa Mwafrika wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo. Alimfuata mwanawe hadi Italia, na mwaka 387 walikuwa hapa Ostia wanasubiri meli ya kurudi Afrika. Homa ikamkamata. Mtoto wake mwingine aliyekuwepo akasema ingekuwa heri mama asifie ugenini, afie nyumbani kwao. Augustino ameandika kwamba mama alimtazama huyo kama anayemkemea, akawaambia wote wawili mwili huu uzikeni popote, usiwasumbue. Alichoomba ni kukumbukwa kwenye altare ya Bwana popote watakapokuwa. Wakamzika hapa.

Nilikuwa natafsiri hayo nje ya kanisa, na sauti ikanikwama kidogo, kwa sababu wiki mbili kabla tulikuwa tumemaliza kuchangisha nauli ya ndege ya mwili wa jamaa yetu mmoja kwenda Tanga.

Shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Huyo kijana aliyetaka arudishwe, leo angekuwa ameshafungua grupu la michango."

Masalia ya Monika yalihamishiwa Roma mwaka 1430, na yako katika kanisa la Sant'Agostino, hatua chache kutoka Piazza Navona. Hakuna kiingilio, ila mabega yafunikwe. Tulikwenda kesho yake asubuhi, kabla hakujajaa.