Namna ya kupekua daftari la ardhi la kidijitali kabla hujalipa

Zamani mnunuzi alionyeshwa hati, akaigeuzageuza mkononi, akaridhika. Siku hizi, penye usajili wa kidijitali, karatasi hiyo mara nyingi ni nakala tu; mwenye mali ni anayetajwa na daftari. England na Wales waliacha kabisa kutoa vyeti vya ardhi mwaka 2003. Basi lisome daftari mwenyewe, usisomewe na muuzaji.

Hatua ya 1: Jua ni daftari la aina gani. Usajili wa miliki, uliowekwa kisheria na Robert Torrens huko Australia Kusini mwaka 1858, humtambua mwenye mali moja kwa moja. Usajili wa nyaraka huhifadhi mikataba tu, na kompyuta haiubadilishi tabia: huko bado utafuatilia mlolongo wote wa mauziano.

Hatua ya 2: Tafuta kwa namba ya kiwanja. Majina hufanana na anwani hubadilika. England na Wales yeyote anaweza kupekua akilipa ada. Ujerumani lazima uonyeshe sababu halali. Ukihitaji idhini ya muuzaji naye akaanza kuzungukazunguka, umeshajibiwa.

Hatua ya 3: Soma mizigo, yaani haki na madai ya wengine juu ya ardhi hiyo, kuliko jina. Hapa ndipo wanunuzi wengi hulala. Wakiona jina la muuzaji, wanafunga ukurasa. Shuka chini: kuna rehani, zuio, amri ya mahakama, haki ya njia, upangaji wa muda mrefu. Muuzaji akisema mkopo alishaumaliza, mwambie aifutishe rehani kwanza. Maadamu bado imeandikwa, ihesabu kuwa ipo. Tazama pia tarehe. Jina lililoingia juzi, pamoja na muuzaji mwenye haraka, ni sababu tosha ya kudai hati ya uhamisho uliotangulia.

Hatua ya 4: Nenda ukaione ardhi. Sheria za nchi nyingi hutambua haki zisizoandikwa popote, mathalani za mtu anayeishi humo. Muulize huyo kabla ya kumuuliza wakili. Ramani ya kwenye skrini nayo isikupumbaze: ukiikuza mara ishirini, mstari wa mpaka hauwi sahihi kuliko alivyoupima mpimaji. Penye ubishi, mwite apime upya.

Hatua ya 5: Pekua tena siku ya kulipa. Upekuzi wa mwezi uliopita ni habari ya mwezi uliopita. Penye ulinzi wa kipaumbele, yaani muda wa kushikiwa nafasi yako ya kusajili, uombe. England na Wales hudumu siku 30 za kazi, na maombi ya mwingine yatakayofika katikati hayakutangulii.

Hatua ya 6: Sajili, kisha washa arifa. Usikae na mkataba kabatini. Jina likishaingia, andikisha simu na barua pepe unazozifungua kweli, ili mtu akigusa daftari lako upate ujumbe. Walaghai hupenda kujifanya wenye viwanja vitupu na nyumba zisizokaliwa na mtu, hasa zisizo na rehani, kwa kuwa huko hakuna benki ya kuuliza maswali.