Namna ya kuandika tamthilia ya mirathi ya Ujiji siri isivuje mapema

Tamthilia nyingi za mirathi zinakufa mapema kwa sababu mwandishi anaanza na jumba la ghorofa na mzee mwenye suti halafu hata yeye hajui hela ilitoka wapi. Kama uko Kigoma achana na jumba, chukua shamba la michikichi, mawese kila mtu anayajua na hakuna atakayeuliza kwa nini ndugu wanalitolea macho.

Anza na hesabu, utamu wote uko hapo. Mzee wa Ujiji kafariki, kaacha eka 24, mjane mmoja, vijana watatu na binti mmoja. Kwa mirathi ya Kiislamu mjane ana thumuni, moja ya nane, yaani eka 3, zinabaki 21, na wa kiume anapata mara mbili ya wa kike kwa hiyo kila kijana 6, binti 3. Kila mtu kashaanza kuzitumia kichwani na mmoja kashakopa kabisa. Sasa shusha kijana bandarini katokea Kalemie, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, ana begi na picha ya ndoa, anasema marehemu ni baba yake na mama yake alishatangulia zamani. Piga hesabu upya: kila kijana anashuka hadi eka 4 na theluthi mbili, binti 2 na theluthi. Mjane je? Zake ni 3 zilezile, hapotezi hata mchikichi mmoja.

Ndo maana mwongo mkuu awe yeye. Watazamaji watawashuku wale vijana sizoni nzima maana ndo wenye cha kupoteza, kumbe bi mkubwa anaficha jambo lisilogusa eka zake kabisa, kwamba hakuwa mke wa kwanza kama alivyojitangaza mtaani miaka yote. Tamaa wape watoto, uongo mpe mama, ukivirundika vyote kwa mtu mmoja unapata shetani wa katuni.

Sasa asili. Kwa sheria hiyohiyo mtoto wa nje ya ndoa harithi kwa baba, kwa hiyo swali linalobeba kila episodi ni moja tu: walioana au hawakuoana? Shahidi awe mmoja, mzee sana, na awe na sababu ya kunyamaza. Undugu wa ng'ambo ya ziwa hauhitaji kulazimishwa, Ujiji ilikuwa kituo cha misafara ya pembe na watumwa karne ya 19 na Wamanyema wa pale asili yao ni upande wa Kongo. Ukitaka kuchimba zaidi, familia inajisifu babu alikuja kama mfanyabiashara, yule shahidi anajua alikuja kambebea mtu mwingine mzigo kichwani. Tafadhali usimwekee msimulizi atoe lekcha ya historia, litoke kama tusi kwenye kikao cha ukoo, watu wakiwa wamekasirika.

Kikao hicho kiweke baada ya arobaini na kipe muda, mi naona ndo sini bora kuliko zote. Wanamchagua wa kwenda mahakama ya mwanzo kuomba usimamizi wa mirathi, muhtasari unaandikwa, watu wanasaini, na shangazi ambaye hakufika anawekewa dole gumba na mtu mwingine. Mtazamaji alione dole hilo hapohapo! Usimfiche halafu ukamshtua mwishoni, mwache ajue peke yake huku shangazi akija kuwapikia ugali na migebuka hao hao waliomuibia dole. Mahakama ikitoa tangazo wenye pingamizi wajitokeze, hiyo ndo saa yako inayogonga, kila episodi siku zinapungua na yule wa Kalemie hata hajui tangazo limebandikwa wapi.

Mambo ya kushuti ni machache. Upepo wa ziwa unaua maiki, mazungumzo marefu yafanyie ndani au uani. Wazee waache wachomekee Kiha wakikasirika, maandishi ya chini yatasaidia. Na MV Liemba, ile meli kongwe ya ziwa, usiiweke kwa sababu ni nzuri tu, kama hakuna mtu anayeshuka na siri basi iache.