Baridi yabisi imetulia, mbona maumivu hayaishi?

Kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe kimeshuka, vidole havijavimba, lakini mgonjwa bado anagaagaa usiku kucha. Wengi hapo huomba dawa ya baridi yabisi iongezwe. Subiri kwanza, jua maumivu yanatoka wapi.

Kiungo kilichovimba hutuma taarifa kupitia neva hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Hali hiyo ikidumu miezi, seli za uti wa mgongo huwa nyepesi kushtuka, mguso mdogo ukauma kama pigo. Nazo njia zinazoshuka kutoka ubongoni kupoza maumivu hulegea, hasa kwa asiyelala vizuri. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Kumwambia mtu “ni mawazo tu” ni kumkosea.

Kwa wiki 2, andika kila asubuhi: viungo vilikakamaa dakika ngapi, kipi kimevimba au kina joto, ulilala kwa muda wa saa ngapi. Kukakamaa zaidi ya dakika 30, pamoja na uvimbe, kunaonyesha ugonjwa bado unawaka. Maumivu ya kuhamahama hadi kwenye misuli, ngozi kuumizwa na mkanda wa saa tu, uchovu usioondoka kwa kulala: hapo shuku neva.

Mara nyingi yote mawili yapo pamoja, na hapo hata kliniki huteleza. Alama ya DAS28, inayopima ukali wa baridi yabisi, huhesabu viungo vilivyovimba, lakini pia vinavyouma vikibonyezwa, na jinsi mgonjwa anavyojisikia. Neva zikichachamaa, alama hupanda bila uvimbe. Muulize daktari: vilivyovimba ni vingapi, vinavyouma tu ni vingapi?

Tiba inayosaidia zaidi ni mwendo wa kipimo. Ukiweza kutembea dakika 20 siku nzuri na 10 siku mbaya, anza na 12 kila siku. Ongeza dakika 1 au 2 kwa wiki. Siku nzuri ndiyo mtego: unafua nguo zote, kesho huinuki.

Daktari anaweza kukupa amitriptilini kidogo usiku, mara nyingi kuanzia miligramu 10. Dawa hii hutumika pia kutibu sonona, lakini si kwamba amekuona unayo. Hapa kazi yake ni kutuliza neva. Kinywa kukauka na usingizi wa asubuhi ni kawaida. Metotreksati, dawa ya baridi yabisi yenyewe, usiiache kwa sababu hiyo, maana kazi yake ni nyingine.

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na homa juu, sahau daftari: nenda hospitali siku hiyohiyo.