Unanunua Nikon D600 ya mtumba? Piga nayo picha ya anga kwanza

D600 siku hizi zinapatikana kwa bei ya kuvutia, na sensa yake kubwa (kipande kinachonasa picha) ya megapikseli 24 bado inafanya kazi nzuri. Ila kamera hii ya 2012 ilitoka na kasoro: vumbi na madoa kama ya mafuta yalirukia sensa, hasa upande unaoonekana kona ya juu kushoto ya picha.

Kwa hiyo usiridhike na kukagua kava na vitufe. Weka f/16 au f/22 (tundu dogo la lenzi) na ISO (wepesi wa kunasa mwanga) ya chini, vuruga fokasi makusudi, elekeza anga tupu au ukuta mweupe, kisha kuza picha uikague kona hiyo. Kwa f/2.8 (tundu kubwa) madoa hayaonekani (wauzaji wajanja wanalijua hilo).

Doa moja mawili si neno, husafishwa. Yakirudi baada ya picha mia kadhaa, shuku shata, yaani pazia linalofunguka na kufunga mbele ya sensa. Mwaka 2014 Nikon ilitangaza kubadilisha shata za D600 bure, basi uliza kama ya kamera hiyo ilibadilishwa na karatasi ya fundi ipo. D610, toleo lililoifuata, ikiwa bei inakaribiana, mimi ningechukua hiyo.