Umetia oili ya haidroliki kwenye giaboksi ya otomatiki? Itoe hivi

Oili ya haidroliki haishiki nafasi ya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), hata muuzaji akiapa kwamba zote ni za presha. Kinachopotosha ni uzito, yaani jinsi oili ilivyo nzito au nyepesi, unaopimwa kwa sentistoki. Kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, haidroliki ya daraja la ISO 32 inakaribiana na Dexron III, aina moja ya ATF: 32 kwa takriban 34. Kwenye nyuzi 100 haidroliki inashuka hadi kama 5.4, ATF ikibaki juu ya 7, na foleni ya Mombasa Road mchana ndiyo inayopandisha joto hilo. Tena ATF ina dawa za kusimamia mshiko wa klachi. Bila hizo gia huteleza au huingia kwa kishindo, kisha klachi zinaungua.

1. Usiwashe injini. Kama haijawashwa, oili mpya ingali kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) na ukiimwaga karibu yote inatoka. Gari livutwe.

2. Soma kitabu cha gari au maandishi ya dipstiki (kijiti cha kupimia oili) ujue oili inayotakiwa. Rangi nyekundu si ushahidi, ni rangi tu. CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, ina oili yake, usiitie ATF.

3. Mwaga. Kama gari limeshatembea, hapa ndipo kazi ilipo, kwa sababu torki konveta, kiungo kati ya injini na giaboksi, inabaki na oili yake. Giaboksi ya lita 7.5 ikitoa lita 3, oili mbaya inayobaki ni asilimia 60. Mwaga wa pili unaacha 36, wa tatu 22, wa nne 13. Kila mara jaza kiasi kilekile kilichotoka, washa, pitisha gia zote ukikanyaga breki, zima, mwaga tena. Raundi za mwanzo tumia ATF ya bei nafuu ya daraja lilelile, ile nzuri iwe ya mwisho. Sipendi mashine za kusukuma oili kwa presha: kwenye giaboksi kuukuu zinang'oa taka zinazoziba valvu.

4. Shusha sampu, badilisha chujio na gasketi. Futa sumaku: ungaunga wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

5. Rudisha sampu, jaza ATF nzuri, kisha pima oili. Kwa magari mengi hupimwa giaboksi ikiwa moto, gari mahali tambarare, injini ikinguruma, gia kwenye P. Toyota yenye dipstiki isome alama ya HOT. Isiyo na dipstiki hupimwa kwa plagi ya kufurika (tundu linalotoa oili iliyozidi), kwa nyuzi zilizoandikwa kitabuni. Bila skana ya kusoma joto hilo, mpe fundi mwenye nayo.