Kifuko cha sinapsi kinavyorudishwa kazini: hatua kwa hatua

Sinapsi ni pale neva moja inapopelekea nyingine ujumbe; vifuko ni vijivimbe vidogo vyenye kemikali ya ujumbe huo, na humwaga mzigo wake vikiungana na utando wa neva. Ncha moja ya neva ubongoni mara nyingi ina vifuko mia kadhaa tu, kila kimoja kipenyo chake nanomita 40 hivi. Neva ikipiga mfululizo bila kuvirudisha, akiba hukauka. Wanafunzi wengi hukariri hatua ya 4 na kuipitia ya 5 mbio mbio, na hapo ndipo wanapopotea.

1. Kufumua mafundo. Kifuko kikishaungana na utando, protini zilizokiunganisha, yaani sinaptobrevini, sintaksini na SNAP-25, hubaki zimesokotana. Protini iitwayo NSF huzifumua kwa nguvu ya ATP, kemikali ya nishati ya seli.

2. Kuchagua mzigo. Protini AP2 hushika PIP2, aina ya mafuta ya utando, pamoja na sinaptotagmini, protini ya kifuko. Protini nyingine, AP180, huhakikisha sinaptobrevini haiachwi nyuma.

3. Kusuka tenga. Klathrini, protini inayosuka tenga kuzunguka kipande cha utando kinachobonyea ndani kuwa kifuko kipya, ina miguu mitatu. Zikishikana hufanya pembesita na pembetano. Pembesita tupu hutandaza mkeka bapa. Pembetano ndizo zinazoupinda. Ili tenga lizibe, zinahitajika pembetano 12, sawa na vipande vyeusi vya ule mpira wa miguu wa zamani.

4. Kukata shingo. Kifuko kipya bado kimeshikana na utando kwa shingo nyembamba. Protini endofilini na amfifisini huita protini ya tatu, dainamini, ambayo hujizungusha shingoni, huvunja GTP (kemikali ya nishati kama ATP) na kukaza hadi shingo ikatike. Nzi wa matunda wenye dainamini iliyoharibika kijeni hupooza wakipashwa joto la nyuzi 29 hivi, wakipozwa, huamka.

5. Kuvua tenga. Kifuko kilichovaa tenga hakiwezi kuungana na utando, kwa hiyo bado si akiba. Protini sinaptojanini huondoa fosfeti kwenye PIP2, AP2 ikakosa pa kushika. Kisha protini oksilini huileta nyingine, Hsc70, nayo huibomoa klathrini kwa ATP.

6. Kujaza. Pampu huingiza protoni ndani ya kifuko. Zinapotoka, kemikali ya ujumbe huingia.

MASWALI

Swali: Mwalimu, kwenye picha ya hadubini ya elektroni naona matenga mengi. Nitajuaje hitilafu iko hatua ya 4 au ya 5?

Jibu: Tafuta shingo. Tenga likiwa bado limeshikana na utando, shuku dainamini. Likielea peke yake ndani ya seli, shuku sinaptojanini au oksilini. Lakini usihukumu kwa kipande kimoja: kisu kinaweza kupita pembeni mwa shingo, tenga likaonekana huru na kumbe sivyo. Kata vipande vinavyofuatana. Hatua ya 5 ina uzito kwa binadamu pia: jeni ya sinaptojanini au ya oksilini ikiharibika, dalili za ugonjwa wa Parkinson zinaweza kuanza utotoni au ujanani.

Swali: Kwani lazima klathrini ianzie kwenye utando wa nje?

Jibu: Hapana. Mwaka 2013 ilionyeshwa kwenye neva za panya kwamba utando unaweza kumezwa kwa milisekunde 50 hadi 100 bila tenga; mwaka 2014 ikaonyeshwa kwamba klathrini hufanya kazi baadaye, ndani ya seli. Njia ya kawaida ya klathrini huchukua sekunde kadhaa. Angalia joto la maabara yako: kwenye nyuzi 22 njia ya haraka hushindwa, nawe utadhani klathrini ndiyo pekee.